Sindano Ndani ya Sufuria ya Mama

Baba yangu mdogo, Ilunga, aliwahi kutuletea mbuzi. Alimpata nchi kavu kwa kubadilishana na samaki wa kukausha, akamfunga miguu, akampakia kwenye mtumbwi, akapiga pondo naye nusu siku huku akimwimbia kama bibi harusi. Alipomfungua kwetu, mbuzi alisimama, akaweka mguu mmoja mbele, ardhi ikabonyea, akaurudisha. Akajaribu mwingine, ikabonyea vilevile. Akatutazama wote kwa macho yale ya njano, na mimi nilikuwa mdogo lakini nilielewa kabisa alichokuwa anasema: hawa ni watu gani wasiokuwa hata na udongo?

Tangu siku ile alitembea akinyanyua magoti juu juu, kama mtu anayekwepa kinyesi. Hakuzoea, kwa sababu hakutaka kuzoea. Mwishowe tulimla kwenye harusi ya shangazi, na nyama yake ilikuwa ngumu kama roho yake.

Ninyi wa umri wangu mnajua mambo ya uzeeni yanavyokuja. Hayapigi hodi, wala hayaji kwa zamu. Nimekaa hapa Mount Druitt, mlango umefungwa kwa amri, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu kama kunguru aliyeona utumbo, na ninachokumbuka ni mbuzi. Upande wa bahari, kwa matajiri, sisikii kama helikopta inazunguka. Labda wao ugonjwa unawaogopa. Basi, tuyaache hayo. Mbuzi.

Niseme kwanza ardhi ile ilikuwa ya namna gani, maana hapa Sydney nikisema nilizaliwa kisiwani wananiuliza kama kulikuwa na hoteli. Ziwa letu, Kisale, limejaa mafunjo. Mizizi yake inasukana juu ya maji mpaka inakuwa mkeka mnene, na juu ya mkeka ule watu wanalaza mafunjo mengine, tabaka juu ya tabaka, wanajenga vibanda, wanapika, wanazaa. Kijiji kizima kinaelea. Tulikishikilia kwa miti mirefu iliyochomekwa kwenye matope chini, na miti ile iking'oka, kijiji kinasafiri na upepo, wewe umelala. Unaamka asubuhi, milima imehama.

Mtoto wa kwetu, kabla hajafundishwa kusalimia, anafundishwa kutosimama pale watu walipojaa. Mkeka unabeba waliotawanyika, unazamisha waliosongamana. Ukiona watu wawili wanazungumza na mama yako, hujiongezi, unakaa mbali unapaza sauti. Mgeni akija, yeye ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba, sisi hatumkusanyikii. Hata msiba. Marehemu anakaa na watu wawili, wakichoka wanapokezana na wengine wawili, na kijiji chote kinalia kila mtu mlangoni kwake, kilio kinapita juu ya maji kutoka nyumba hii kwenda ile, mpaka ndege wa majini wanaruka.

Sasa mtanielewa nikiwaambia nilicheka ndani ya moyo siku tulipomzika mdogo wangu Ngoie.

Ngoie alikufa kwa korona, hapa hapa, hospitalini, na hakuna aliyeruhusiwa kumshika mkono isipokuwa manesi waliovaa plastiki. Mazishini tuliruhusiwa watu kumi. Viti viliwekwa mbalimbali, na kijana mmoja wa suti nyeusi alipita akipima nafasi kwa macho, akisogeza kiti cha huyu, akisogeza cha yule, kwa uzito wa mtu aliyegundua moto. Mchungaji wetu wa Guildford alihubiri kutoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chombo cha maua, na alipofika kwenye ufufuo akaganda mdomo wazi, tukamwangalia meno mpaka mtandao ulipomhurumia. Wanjiru, yule nesi Mkenya wa Rooty Hill aliyekuwa akimletea Ngoie uji, alikuwa kiti cha nyuma yangu, mbali. Alininong'oneza kwa nguvu, kama mtu anayemnong'oneza aliye ng'ambo ya barabara:

"Pole mzee. Hii si kuzika, hii ni kuficha mtu."

"Kwetu ndivyo tunavyozika," nilimjibu.

Najua alidhani huzuni imenipanda kichwani. Nilikuwa nasema kweli. Walikaa kama tulivyokaa Kisale, ila hawakujua kulia kwa umbali ule. Kila mtu alilia kidogo, ndani ya barakoa, kama anayekohoa kwenye basi.

Mlangoni kijana wa suti akanimiminia dawa ya mikono. Nikasugua, harufu ikapanda puani, ile harufu kali ya spiriti inayofika kwenye macho kabla ya kufika kwenye akili, na nikamwona mtu ambaye nilikuwa nimemdharau kwa muda mrefu mno hata nikasahau kwamba ninaendelea kumdharau. Nilimdharau kule Kisale, nikamdharau kambini Zambia na njaa yangu, na nimekuja naye mpaka Australia bila kumlipia mzigo.

Halafu Furaha, binti yake Ngoie, akanipigia simu jioni ileile. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwenye picha ya kifua cha mama yake kulikuwa na kovu kubwa la zamani, la utotoni, na korona ilipoingia ilikuta nyumba ambayo imeshabomoka upande mmoja. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yao, mama yake aliumwa nini alipokuwa mtoto. Nikamwambia nitamweleza. Sikumweleza. Mambo haya hayaingii kwenye simu.

Ilikuwa hivi.

Mashua ya dawa ilikuja kwetu mara chache. Ilikuwa nyeupe, na mota nyuma na turubai juu, na tuliisikia kabla ya kuiona. Samaki walikimbia, wavuvi wakatukana. Wabelgiji walikuwa hawajaondoka zamani zile, lakini wenyewe hawakuja kisiwani. Walimtuma mtu mweusi kama sisi, infirmie, yaani nesi, aliyesoma Kamina, jina lake Anakleti. Sisi tulimwita Munganga, yaani daktari, kwa sababu hatukujua tofauti na yeye hakututofautishia. Walimvika kaptula nyeupe, kofia ngumu kama kibuyu, na soksi nyeupe mpaka magotini.

Zile soksi, jamani. Mimi sikuwahi kuona soksi. Nilidhani kusoma kunamgeuza mtu mweupe polepole kuanzia miguuni, na kwamba Munganga alikuwa amefika magotini. Nilimhurumia kidogo, maana bado alikuwa na safari. Nilipanga moyoni kwamba mimi nikipelekwa shule nitasoma mpaka vifundoni tu, halafu nitaacha. Kwa hilo sikukosea sana, nilifika darasa la pili.

Kila alipokuja, Munganga hakushuka. Alisimama kwenye mashua, mitumbwi ikamzunguka, akarusha vidonge vya homa kama mtu anayelisha bata. Hatukuona ubaya. Vidonge vilikuwa vichungu, na kwetu kichungu kilikuwa ndiyo dawa. Lakini mara hii alikuja na sindano, na sindano hairushwi.

Ngoie alikuwa hajafika umri wa kuota meno ya pili. Kifua kilikuwa kimembana kwa siku nyingi. Alipumua kwa mbavu, na kila pumzi ilitoa sauti kama mtu anayepasua kuni nyembamba chumba cha pili. Usiku Mama alimlaza juu ya tumbo lake ili ahisi kama bado anapumua. Alishampaka mafuta, alishamfukiza majani, na shangazi Numbi alishaanza kumwambia kwa upole kwamba watoto wengine ni wageni tu. Kwa hiyo mota iliposikika, Mama alikuwa ameshamfunga Ngoie mgongoni kabla ya mashua kutokea.

Munganga alisimama kwenye mashua pale pa kuteremkia, akapiga filimbi. Akasema watu wote wapange mustari hapa mbele yake, wagonjwa kwanza. Hakuna aliyesogea. Watu walitoka milangoni, wakakaa, wakainua mikono, kila mmoja kwao, kumwonyesha nani anaumwa. Ndiyo adabu yetu. Yeye alidhani tunamkaidi.

Tata Mwilambwe, mkubwa wa kijiji, akaenda peke yake kumweleza.

"Munganga, hapa watu hawapangi mustari. Hapa munganga ndiye anatembea."

"Mimi nilisoma Kamina, mzee. Si mimi muuza samaki wa kupita mlango kwa mlango."

"Udongo hautabeba watu pamoja."

"Udongo gani? Ninyi muko na udongo?"

Nilisikia kwa masikio yangu. Maneno ya mbuzi, neno kwa neno.

Akaendelea kutuhubiria. Alisema ujinga ndiyo ugonjwa wetu wa kwanza, na kwamba watu wa nchi kavu wanajipanga bila kuambiwa, hata wanafunzi wadogo. Mwisho akasema ama mustari, ama mashua inarudi na dawa yake, na akamgeukia mwendesha mashua, mzee mmoja mtafuna tumbaku aliyeitwa Kalenga, kama vile anamwagiza awashe mota.

Mama akanyanyuka. Akatembea mpaka pale ukingoni, penye mafunjo mapya yaliyokuwa bado hayajashikana, akasimama mbele ya mashua peke yake na Ngoie mgongoni. Shangazi Numbi akamfokea kutoka mlangoni.

"Utatuzamisha sisi wote."

"Basi nizame na mtoto aliyechomwa sindano," alisema Mama, bila kugeuka.

Mkidhani watu walimfuata kwa upendo, mmekosea. Walimfuata kwa sababu hawakutaka apate yeye wakose wao. Huyu alikumbuka kidonda, yule akakumbuka mgongo. Banza, mvuvi mmoja mwenye nguvu za fahali ambaye sikuwahi kumwona akiumwa hata mafua, akaja akisema anasikia kitu kinatembea sikioni. Wakajipanga. Mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha ya kijiji kile, watu walisimama kisogoni mwa wenzao kama wanaosubiri mkate.

Hapa Sydney foleni wanaipenda kuliko ndugu zao. Juzi hema la chanjo limewekwa kwenye maegesho ya magari, wamebandika nyayo za rangi chini, na msichana mwenye kizibao cha kung'aa anakuonyesha pa kuweka mguu, mimi mzee wa miaka hii. Nilimtazama yule msichana nikafikiri: wewe na Anakleti mngeoana. Lakini msichana angalau alitutenganisha.

Maji yakaanza kupanda. Kwanza kwenye vidole, yakaja kwenye vifundo. Hakuna aliyepiga kelele. Kwetu maji miguuni ni kama vumbi kwa wengine, na kila mtu alijua ni nini na akangojea zamu yake. Munganga, juu ya mashua yake, aliona maji yakipanda kwenye miguu ya watu na akafikiri ziwa ndilo linajaa. Naapa. Akamwambia Kalenga alegeze kamba ili mashua ipate nafasi. Mzee Kalenga akaitazama miguu ya watu, akamtazama Munganga, akatema tumbaku majini, akalegeza kamba.

Ngoie akachomwa. Hapo siwezi kumnyima haki yake: mikono yake haikutetemeka, na aliifanya kazi haraka kama mtu anayechuma tunda. Akafuta paja kwa pamba ya spiriti, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni harufu ya Munganga mwenyewe, kwamba mtu akisoma sana ananuka hivyo.

Kama angeishia hapo, akachoma, akaenda zake! Lakini mustari ulikuwa unapinda. Watu walikuwa wanahamisha miguu, wanatafuta pagumu. Munganga akakasirika, akashika filimbi kwa meno, akaruka kutoka kwenye mashua ili aje aunyooshe.

Mafunjo yakikatika hayapasuki kwa mlio mkubwa. Yanatoa sauti kama kitambaa kizito kinachochanwa polepole. Tuliisikia sote, na kila mtu akaanguka kifudifudi palepale, wazee, watoto, Mama na Ngoie, tukatambaa kila mmoja upande wake kama vifaranga vya samaki. Ndivyo tunavyofanya. Yeye peke yake alibaki amesimama wima, mwanamume wa Kamina, filimbi mdomoni, akashuka chini taratibu mpaka kiunoni. Banza wa sikio bovu ndiye aliyemvuta kwa kola.

Ukingo wote ulijitenga. Uliondoka na ile miti yetu ya kushikilia kijiji, na mashua imefungwa kwenye mmojawapo. Mzee Kalenga alivuta kamba ya mota, mota ikakohoa, mizizi ikajizungusha kwenye pangaboi, ikanyamaza. Upepo ukamchukua, yeye na mashua na kipande cha kijiji. Alitupungia mkono, akakaa, akaendelea kutafuna.

Tata Mwilambwe alimwambia Munganga kwamba tutampeleka nchi kavu kwa mtumbwi. Akautazama mtumbwi wetu mzuri, maji yanakaribia mdomo wake kama inavyotakiwa, akasema haingii kwenye gogo la kulishia nguruwe. Kwa kweli alikuwa anaogopa, kila mtu aliona. Angengojea mashua itengenezwe, irudi. Mkoba wake wa dawa alikuwa nao shingoni, haukuguswa na maji. Basi akabaki kwetu.

Akavua soksi akazianika. Nilikwenda kuangalia. Chini ya soksi kulikuwa na miguu myeusi kama yangu, na kidole kidogo kimelaliana na mwenzake, kama cha baba mdogo Ilunga. Sijui niwaeleze vipi nilivyosikitika. Sikusikitika kwa ajili yake. Nilisikitika kwamba mtu amejaa majivuno yote yale, na hata hajageuka rangi.

Siku zilizofuata ilimbidi atembee mlango kwa mlango. Kila alipoweka mguu, ardhi ikabonyea, akaurudisha, akanyanyua goti juu. Kila siku. Hakuzoea. Samaki alimla kwa ncha za vidole, bukari, ugali wetu, akasema ina harufu ya moshi, na alituuliza mara nyingi jinsi gani watu wanaweza kuishi hivi, tena hakungoja jibu, kwa sababu halikuwa swali.

Asubuhi alianzia kwetu. Jiko lake la spiriti lilikuwa limekwenda na mashua, kwa hiyo sindano yake ya kioo alikuja kuichemsha kwenye moto wa Mama, ndani ya sufuria yetu. Mama aliisugua sufuria ile kwa majivu mpaka ikang'aa kama macho. Mimi nilichuchumaa pembeni nikisikiliza sindano ikigonga-gonga ndani ya maji, nikadhani inapikwa ili ilainike isimuumize Ngoie. Nikamheshimu kidogo kwa wema ule. Nilipoona Ngoie bado analia, nikajua imetolewa mbichi.

Ila pumzi ilibadilika. Zile kuni zilipungua. Siku moja Ngoie akaomba samaki, siku nyingine akanipiga kofi, na Mama akakaa chini akafunika uso kwa khanga. Munganga akamwambia asifurahi mapema. Nakumbuka maneno yake, kwa sababu Mama aliyarudia maisha yake yote: "Sindano hizi zinakwenda mpaka mwisho, mama. Ukiacha katikati, ugonjwa haufi. Unajificha ndani ya kifua, unangojea."

Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Shikeni hapo.

Na sisi? Sisi tulikuwa tunacheka. Nawaambia ukweli, dharau ilikuwa chakula chetu cha jioni. Watoto walimfuata nyuma wakinyanyua magoti. Wanawake walimsifu mbele yake kwa maneno matamu, akigeuka wanabana mbavu. Ni Mama peke yake ambaye hakucheka. Alipita kwa majirani, mlango kwa mlango, akawaomba wamwache mtu amalize kazi yake. Shangazi Numbi alimwuliza tangu lini amekuwa mke wa Munganga.

Alasiri moja, watu wamekaa milangoni wakitengeneza nyavu, Banza alisimama na kibuyu kichwani kama kofia, akajifunga majani meupe ya mahindi miguuni, akaanza kutembea. Alikuwa fundi, yule mjinga. Goti juu, mguu unarudi, midomo imebinuliwa, kidole kinanyooshwa: "Udongo gani? Ninyi muko na udongo?" Kijiji kizima kikacheka, kicheko kikapita juu ya maji kama kilio cha msiba. Kisha kikaanza kukatika, nyumba moja moja, maana Munganga alikuwa amesimama nyuma ya Banza na mkoba wake, na hakuna aliyemwambia Banza. Aliendelea kutembea katika ukimya mpaka alipomwona kwa macho yake mwenyewe.

 Munganga aliomba maji ya kunywa, akanywa, akarudisha kata kwa mikono miwili, kwa adabu. Ndiyo mara pekee nilimwona na adabu.

Kijiji kilikuwa kinasafiri siku zote hizo, bila miti ya kukishika, polepole, hakuna aliyejali kwa sababu samaki walikuwa wengi. Asubuhi iliyofuata tuliamka tumeegemea nchi kavu. Mafunjo yetu yalikuwa yamebanana na mafunjo ya ufukweni, na ng'ambo yake tuliona miti halisi, na moshi wa watu wa nchi kavu, na njia nyekundu inayopanda kilimani.

Munganga alikuja kwetu kama kawaida. Akaweka sindano ndani ya sufuria, akamwambia Mama achochee moto. Mama akachochea. Ngoie alikuwa ameshakalishwa, paja wazi, ananuna. Munganga akasimama mlangoni akitazama ile njia nyekundu. Alikuwa amevaa soksi zake. Zilikuwa zimekuwa za rangi ya chai, lakini alizivuta mpaka magotini, mguu mmoja, kisha mwingine, akazikunjia vizuri.

Akatoka nje. Tukadhani anakwenda kukojoa.

"Munganga," Mama akamwita, "maji yanachemka."

"Ninakuja, mama."

Mama akamfuata mpaka mwisho wa nyumba yetu, akasimama pale, kwa sababu mbele yake palikuwa na watu wawili tayari na hakutaka kuzamisha. Hata siku ile alikumbuka. Akaita tena kwamba maji yamechemka, mtoto yuko tayari. Hakusema zaidi ya hayo. Hakumtukana, hakumwomba kwa Mungu, alimwambia tu habari ya maji, kama unavyomwita mume chakula kikiwa tayari. Banza alikuwa wa karibu zaidi na angeweza kumkamata kwa kola mara ya pili. Alikuwa anatazama miguu ya Munganga, anatabasamu.

Nami nilirudi ndani nikafunua sufuria. Sindano ilikuwa inacheza chini, tik tik tik, safi kama mwiba wa samaki. Nikapiga kelele kumwambia Mama kwamba imeiva.

Munganga alikuwa ameshavuka mafunjo yetu na kuingia ya ufukweni, mkoba begani, kofia ile kichwani, akinyanyua magoti juu juu. Alipofika kwenye udongo mgumu aliendelea kuyanyanyua vilevile, hatua baada ya hatua kwenye ile njia nyekundu, kama aliyesahau kwamba ardhi imeshamkubali. Mama akamimina maji mengine kwenye sufuria ili yasikauke.